Maji Matupu

Halab, Ijumaa 9 Januari 2015

Wifi yangu Ghada,

Usishtuke kuona mwandiko wangu badala ya kusikia sauti yangu. Simu zimekatika tena, na safari hii hakuna anayejua zitarudi lini. Barua hii nimempa Abu Zahir wa basi la Latakia, pamoja na mikate miwili ya majani makavu ya zaatari ale njiani asinisahau. Mama hajambo, anakusalimu na anauliza kama unakula. Kaka yako Firas bado yuko Mersin, ng'ambo ya mpaka, kutafuta kazi. Sina njia ya kumfikishia habari, na kwa hili pengine ni heri.

Julnar ameungua.

Sentensi hiyo nimeianza mara tatu. Leo ni siku ya kumi na mbili. Birika lilikuwa juu ya jiko la mafuta pale sebuleni, nami nilikuwa namnyonyesha mdogo wake, usingizi ukanipitia nikiwa nimekaa. Sikulala, wifi, nilifumba macho tu. Niliposikia kelele maji yalikuwa yameshamwagika. Ni mguu wa kushoto, kutoka chini ya goti mpaka vidoleni.

Hospitali walimlaza siku nne, kisha wakatwambia vitanda vinahitajika kwa waliopigwa na mabomu. Daktari Nizar, yule mwenye kliniki chini ya nyumba yetu, anampitia mara mbili kwa wiki. Anasema moto umekwisha kufanya kazi yake, sasa adui ni vijidudu. Bomba halijatoa tone tangu mwezi uliopita. Tunachota kisima cha msikiti, na maji yake yananuka kama mtaro. Nayachemsha mpaka mafuta ya jiko yanaisha. Bandeji hakuna, nimekata shuka la harusi yangu vipande vipande.

Ulipokuja Idi ya mwaka juzi ulituambia habari za kitambaa mnachotengeneza huko maabara, kinachoua vijidudu chenyewe. Nilicheka, nikakuuliza kama kinajua na kupika. Sasa sicheki. Kama kipo, nitumie. Ana miaka mitatu na nusu, Ghada. Anaita mguu wake "yule". Ananiambia, "Mama, yule analia."

Wifi yako,
Rihab


Latakia, Jumanne 13 Januari 2015

Rihab mpenzi,

Nimesoma barua yako nimesimama kwenye ngazi za maabara, nikashindwa kupanda wala kushuka. Usirudie tena kuniandikia habari za kufumba macho. Una watoto wawili, mume yuko mbali, na vita viko dirishani. Angekuwa mtu mwingine angelala kuanzia mwaka juzi.

Nakutumia vitambaa kumi na viwili, ndivyo nilivyoruhusiwa kuvitoa. Kwa kuwa wewe hupokei kitu bila kueleweshwa, nikueleze. Ni pamba ya kawaida, lakini kila uzi tumeufunga minyororo midogo sana ya polima, jamaa wa plastiki, isiyoonekana kwa jicho. Haiyeyuki ikaingia mwilini kama dawa ya kupaka. Inakaa pale pale kwenye uzi, na kijidudu kikiugusa, ganda lake linapasuka. Hata maji ya kisima chenu yakirukia kidonda, kitambaa kimekaa mlangoni. Hapa wodi ya watoto wanavitumia watoto kumi na mmoja, na vidonda vinafunga.

Sasa sikiliza vizuri. Havitupwi, vinarudiwa, kila kimoja mara ishirini. Badilisha asubuhi na jioni. Kilichotoka kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kianikwe kivulini kikauke kabisa. Usitie klorini, usitie siki, usitie dawa ya daktari yeyote. Usitie chochote.

Mwambie Mama nakula. Mwambie Julnar kwamba shangazi yake amemshonea "yule" shati.

Ghada


Halab, Jumanne 20 Januari 2015

Wifi Ghada,

Shati lilifika, na mwenyewe akalipenda. Siku tatu za mwanzo nilimshukuru Mungu, nikakushukuru wewe, nikamshukuru na Abu Zahir ambaye hakufanya lolote ila kuendesha basi. Nyama ilikuwa nyekundu, safi, na Daktari Nizar alikipindua kile kitambaa huku na huku akauliza kama wifi yangu anatafuta mume.

Tangu Jumamosi mambo yamegeuka. Kwanza palitokea utelezi kama kamasi. Kisha rangi ya kijani upande wa vidole, na harufu tamu mbaya ambayo sijui nikuelezeje, kama matunda yaliyooza ndani ya mfuko. Jana usaha ulishikana na kitambaa, nilipokibandua akanipiga kofi la uso. Hajawahi kunipiga. Kisha akaniomba msamaha yeye.

Nimefuata kila neno lako. Asubuhi na jioni. Maji yamechemka, yamepoa, yanafunikwa. Hakuna klorini, hakuna siki. Vitambaa vinaanikwa ndani, kivulini, vinarudi vyeupe kuliko vilivyokuja. Kama kuna jambo sikulielewa niambie waziwazi, mimi nilisoma mpaka darasa la tisa tu na sioni haya kuuliza.

Lakini kama kitambaa chenyewe ndicho kibovu, niambie hilo pia. Usinihurumie.

Rihab


Latakia, Ijumaa 23 Januari 2015

Rihab,

Kiondoe. Leo hii, ukimaliza kusoma mstari huu. Rudi kwenye shuka lako lililochemshwa mpaka nijue.

Nimepeleka barua yako kwa mkuu wangu. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika kwamba uliosha kwa maji peke yake, nikamwambia nakujua, ukisema umefanya umefanya. Basi akasema huenda lile pipa la dawa ya vitambaa la mwezi wa Desemba lilichanganywa vibaya. Pipa hilo nililichanganya mimi, kwa mikono yangu, siku ambayo umeme ulikatika mara nne. Tumekwenda wodini tukawavua watoto wote kumi na mmoja, tukawarudishia shashi ya kawaida. Mama mmoja alinishika koti akaniuliza kwa nini namnyang'anya mwanawe kitu kinachomponya. Nikasema ni utaratibu.

Nitumie kipande kimoja kilichotumika na kuoshwa. Kifunge ndani ya nailoni mbili. Nikikiweka kwenye sahani ya vijidudu usiku mmoja, nitajua.

Kama ni pipa langu, Rihab, sitakuomba msamaha kwa barua. Nitakuja nikae mbele yako.

Ghada


Halab, Jumatatu 26 Januari 2015

Ghada,

Kipande hiki hapa. Niliviondoa vile vingine vyote kama ulivyosema.

Daktari Nizar amekaa nasi leo muda mrefu, akanywa chai yake yote, na mimi nikajua kuna jambo baya, maana siku zote huiacha nusu. Anasema sumu ikianza kupanda juu ya kifundo, atakata mguu chini ya goti ili mtoto abaki. Amenipa mpaka Jumamosi ya tarehe saba Februari. Sindano za dawa aliyokuwa akimpa zimekwisha, na duka la dawa lina vidonge vya shinikizo la damu na maziwa ya unga, basi.

Nilimuuliza kama akikata atamlaza usingizi kwa dawa. Akachungulia glasi tupu. Nikamwambia, "Daktari, nimekuuliza swali." Akasema atatafuta.

Jibu haraka.

Rihab


Latakia, Alhamisi 29 Januari 2015

Rihab,

Sikuhitaji sahani wala usiku mmoja. Nilifungua nailoni ya kwanza, nikafungua ya pili, na maabara yote ikanukia nyumbani kwetu.

Mlikiosha kwa sabuni ya Baba.

Najua harufu ile kuliko niujuavyo uso wangu. Mafuta ya zeituni, mafuta ya matunda ya mti wa ghari, na miaka ya kukauka darini. Mwenzangu mmoja alisema, nani amejipaka manukato? Nikakaa chini sakafuni.

Nitakueleza, kisha usilie mpaka umalize kusoma. Ile minyororo ya polima ina nguvu ya upande mmoja, kama sumaku. Sabuni ina nguvu ya upande wa pili. Vikikutana vinakumbatiana visiachane. Sabuni inaufunika uzi wote, na kijidudu kinatembea juu yake kama juu ya zulia. Sabuni ikiwa nzuri zaidi, inafunika vizuri zaidi. Kitambaa chako kilikufa siku ya kwanza kuoshwa. Mlikuwa mnamfunga mtoto tambara lenye unyevu.

Kosa ni langu. Mimi, binti wa mpika sabuni, nilikuandikia klorini, nikaandika siki, nikaandika "usitie chochote". Neno sabuni sikuliandika. Nyumbani kwetu sabuni si kitu cha kutia ndani ya maji. Ndiyo kuosha kwenyewe. Nilikulia pale, nikasahau kwamba hata mimi nafikiri hivyo.

Pipa langu lilikuwa zima. Watoto wa wodini wamevalishwa tena leo. Mmoja alishapata homa katika siku zile sita. Anaendelea.

Nimepata vitambaa sita. Hakuna vingine mpaka malighafi ije, na haiji. Maji matupu, Rihab. Matupu. Ukiona vimebaki na doa, acha doa.

Ni wewe uliyekuwa unaosha, au ni Mama?

Ghada


Halab, Jumamosi 31 Januari 2015

Wifi yangu,

Ni mimi.

Mama alikuwa akishika watoto, mimi nikiosha. Niliona sabuni ile darini nikasema kwa kidonda cha mjukuu wake Baba asingeninyima. Kwa hiyo ukilaumu, laumu huku kwangu. Mama sijamwambia kitu, na nakuomba ukiandika usimtaje habari hii, maana barua zako zote namsomea mimi kwa sauti, na nikiruka mahali anajua.

Vitambaa sita nimevipata. Cha kwanza kimefungwa leo adhuhuri. Julnar ana homa, anaongea na paka ambaye hatuna.

Siku saba.

Rihab


Halab, Jumanne 3 Februari 2015

Ghada,

Vitatu vimeharibika tena. Sabuni. Usiniulize imekuwaje.

Vimebaki vitatu. Kama unacho hata kimoja, hata nusu, hata kilichokataliwa, mpe Abu Zahir. Nakupigia magoti.

Rihab


Latakia, Alhamisi 5 Februari 2015

Rihab,

Sina hata nusu.

Nilikuandikia maji matupu mara mbili katika mstari mmoja. Nilikueleza kama ninavyomweleza mwanafunzi. Ulikiri kwamba ni wewe. Kisha ukachukua sabuni ukarudia, na mtoto wa kaka yangu ana siku mbili. Nimejaribu kufikiria mama gani anaweza kufanya hivyo akiwa na akili yake, nimeshindwa. Umechoka, najua. Kila mtu nchi hii amechoka. Kuna kuchoka, na kuna kutojali.

Nimeomba ruhusa nije. Barabara imefungwa.

Firas akiniuliza, nitamwambia nini?

Ghada


Halab, Jumamosi 14 Februari 2015

Mwanangu Ghada,

Haya ni maneno yangu mimi mama yako, na mkono ni wa Rihab. Nimemwambia aandike ninavyosema, asipunguze wala asipambe, na mkuu wa kliniki, Daktari Nizar, ataisoma kabla haijafungwa ili tuone kama ametii. Hapa amesimamisha kalamu. Andika, binti. Andika kwamba umesimamisha kalamu.

Barua yako ya Alhamisi ilifika Jumapili. Huyu akaifungua akaanza kunisomea. "Mama, Ghada anakusalimu." Nikamwambia haya, endelea. Akasema, "Anasema barabara imefungwa." Kisha machozi yakadondoka juu ya karatasi. Nikamuuliza tangu lini barabara ikamliza mtu. Akasema ni moshi wa jiko. Nikamwambia, "Rihab, mimi sijui kusoma, lakini si kipofu. Soma yote." Akasoma yote. Nikamwambia arudie pale penye kutojali. Hakutaka. Nikasubiri. Akarudia.

Basi sikiliza wewe uliyesoma mpaka chuo kikuu. Aliyekuwa anaosha ni mimi. Tangu siku ya kwanza ni mimi. Huyu alikuwa anachota maji ghorofa nne, anachemsha, ananyonyesha, anamfunga mtoto. Kuosha nilimwambia niachie mimi, ni kazi ya kukaa. Nilitoa vile vipande vya mwisho vya baba yako, vile alivyovipika majira ya baridi ya mwisho kabla karakana haijapigwa, vikakaa darini miaka minne, nje vimekuwa dhahabu na ndani kijani. Saba vilikuwa vimebaki. Nilikuwa navificha kwa ajili ya kuogeshea maiti yangu. Nikasema mimi ninaweza kuzikwa na sabuni yoyote, mguu wa Julnar hauwezi kungoja. Nilisugua kila alfajiri mpaka maji yakatoka meupe. Nilikuwa naona fahari. Nikisikia ile harufu nasema mzee naye amekuja kumuuguza mjukuu wake.

Tarehe ile barua yako ya sabuni ilipokuja, huyu hakuniambia. Alisimama mlangoni akasema, "Mama, kuanzia leo naosha mimi." Nikamuuliza kwani mikono yangu imekuwa na nini. Akasema hakuna, pumzika tu. Mimi miaka arobaini na tatu nyumba hii haijaniambia pumzika. Nikaona naitwa mchafu. Nikamnunia. Chakula nilikula, lakini nilikula nimempa mgongo.

Kisha nikaona vitambaa vipya anaviosha kwa maji peke yake, vinatoka na madoa. Moyo ukanipasuka. Nikasema huyu mtoto amechoka mpaka amesahau kuosha, na mjukuu wangu ataoza. Alfajiri mbili nikaamka kabla yake, nikavisugua vitatu vilivyokuwa vimetumika, nikavirudisha kwenye kamba kama havikuguswa. Niliiba, Ghada. Uzee huu nikaiba ndani ya nyumba yangu, ili nimwue mtoto vizuri zaidi. Andika hivyo hivyo.

Asubuhi ya Jumanne alikivuta kitambaa usoni akanusa. Nikadhani atapiga kelele. Alimlaza mdogo chini, akaja akapiga magoti mbele yangu, akanishika mikono yote miwili, akasema polepole kama mtu anayemwaga maji ya moto:

"Mama, sabuni ya Baba inaua dawa iliyo ndani ya kitambaa. Si mikono yako. Mikono yako haina kosa. Lakini ukigusa tena kipande kimoja kwa sabuni, nitachukua watoto nihame nyumba hii, wallahi nitahama, nilale ngazini."

Nikamuuliza, "Nani amesema?"

"Ghada."

"Amejua lini?"

Akanibana mikono zaidi. Nikamuuliza, "Na umemwambia ni nani aliyeosha?"

Akasema, "Nimemwambia ni mimi. Yeye yuko mbali, ana mama mmoja tu."

Nilikwenda darini nikakaa na vipande vilivyobaki.

Siku zile nne zilizobaki niliosha mimi. Ndiyo, aliniachia. Alinipa beseni akasema, "Osha, Mama, maji matupu." Akakaa kando ananitazama, na mimi vidole vinatafuta sabuni vyenyewe, vinakwenda pembeni mwa beseni havikuti kitu. Vitambaa vitatu, vinabadilishana, kimoja mguuni, kimoja kwenye kamba, kimoja mkononi kwangu. Hatukulala. Alhamisi ile harufu tamu ilipungua. Nilidhani najidanganya. Nikamwita anuse. Akanusa, akaketi chini, akasema labda.

Jumamosi Daktari Nizar alikuja na sanduku lake. Alifungua, akatazama muda mrefu. Akaomba chai. Niliitazama ile glasi, mwanangu, sikutazama mguu. Akainywa nusu.

Vidole viwili alivichukua, kile kidogo na jirani yake. Vilikuwa vimeshakufa. Mguu uko. Homa imeshuka Jumatano. Jana aliomba supu ya dengu, akaimwaga, akaomba nyingine. Anamuuliza kila anayeingia wale wawili wa "yule" wamekwenda wapi. Rihab anamwambia wamekwenda Latakia kwa shangazi. Kwa hiyo ukija, uwe na jibu.

Vidole viwili hivyo ni vyangu, si vya huyu. Firas akiuliza, mwambie hivyo. Na wewe utamwandikia huyu barua yake mwenyewe, peke yake, na mimi sitaomba nisomewe. Mimi nimekwisha kumwomba radhi, kwa mdomo wangu. Alisema tu niinue miguu apige deki.

Sahihi sina. Hapo chini nimegonga muhuri wa baba yako, ule wa mti aliokuwa akiwekea jina juu ya sabuni ikiwa bado laini. Wino ni wa daktari.

Ndani ya mfuko kuna kipande kimoja. Vipo viwili vilivyobaki, changu nimekirudisha darini. Hiki ni cha kuogea, Ghada. Uvue koti la maabara kwanza.

Mama yako